Njia usiyoijua msimu wa mvua: panda kwanza ndo ushuke (kwa waendesha baiskeli wa Mtwara na Lindi)

Mvua zikishashika huku Kusini watu wengi wanaiegesha baiskeli uani mpaka Mei, na nawaelewa kabisa, ila nataka nikushawishi usifanye hivyo. Msimu wetu ni mmoja tu, unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba unakwenda mpaka Aprili, katikati hapo mara nyingi inakata wiki kadhaa jua linawaka, kwahiyo ukisema unasubiri ardhi ikauke kabisa umepoteza karibu nusu mwaka. Afu kuna kitu kizuri mtu wa Mtwara anatakiwa akijue kabla ya yote, mchanga wetu unakuwa mtamu ukinyeshewa. Ile njia ya juu ya uwanda wa Makonde ambayo Septemba unasukuma baiskeli jasho linakutoka, tairi imezama mpaka rimu, njoo uione Januari asubuhi baada ya mvua ya usiku. Imeshikana kama sakafu, unapita unasikia tairi inaunguruma tu.

Kinachoumiza watu msimu huu ni njia ngeni. Njia uliyoizoea hata ikilowa kichwa chako kinajua kona iko wapi na lile jiwe liko wapi, unapambana na utelezi peke yake. Njia ngeni iliyolowa inakupiga mara mbili, hujui kilichopo mbele, na hata ukikiona breki hazikusimamishi pale ulipotaka. Ndo maana mimi nina sharti moja ambalo silivunji hata nikiwa na watu wanaoendesha kunizidi: njia nisiyoijua ikiwa imelowa naipanda kwanza, ndo naishuka. Yani naanzia chini, nakwenda juu taratibu, nasukuma pale pasipopandika, nikifika juu napumzika, afu narudi kwa njia ileile niliyopandia. Ukipanda unakwenda mwendo wa mtu anayetembea, macho yanapata muda. Unaona mzizi uliolala kimshazari baada ya kona, unaona maji yamekata njia wapi, unaona wapi pana pa kusimamia endapo breki zitagoma. Na kama kuna mahali miguu yako imeteleza wakati unasukuma ujue na tairi zitateleza hapohapo wakati wa kushuka, weka alama, vunja kijiti ukichomeke pembeni.

Uzuri ardhi yetu inaruhusu hilo. Uwanda wa Makonde unapanda polepole kutoka pwani, afu upande wa Ndanda na upande wa Newala unakatika ghafla. Pale Newala ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde lote la Ruvuma mpaka Msumbiji ng'ambo, na unaona kabisa kwamba ukianguka huku hamna wa kukuokota haraka. Sasa watu wakitoka mjini wanapanda na gari mpaka juu, wanashusha baiskeli na kujitupa kwenye njia ya kwanza wanayoiona inateremka. Mwezi wa tisa unaweza ukafanya hivyo ukarudi na stori nzuri. Februari usifanye. Kama gari limekuleta juu na hamna namna nyingine basi omba kuacha baiskeli nyumba ya karibu, tembea kwa miguu nusu saa ya kwanza, urudi, ushuke kile kipande ulichokitembea tu, usimame, utembee tena pale panapoanza kuwa pakali. Inachosha kweli, na utakuwa umeteremka kilomita mbili kwa muda ambao ungeteremka sita, lakini safari ya pili njia hiyo itakuwa yako.

Baada ya hapo jifunze udongo, maana rangi ya ardhi inakwambia mapema kuliko tairi.

Juu ya uwanda ni mchanga, mwekundu au wa kijivu, unakunywa maji haraka sana, ndo sababu kule juu vijito hamna na watu wa Newala tangu zamani walikuwa wanateremka bondeni kuchota maji. Mvua ikikata, saa mbili baadaye unaendesha. Ukianza kushuka ukingo unakutana na udongo mwekundu wenye changarawe, huu ukilowa juu unakuwa kama umepakwa sabuni lakini chini ni mgumu, tairi yenye meno inaushika ukienda kwa adabu. Halafu ukifika chini kabisa, kwenye mashamba ya mpunga na mabonde ya mito kama Lukuledi, unaingia kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo usishindane nao. Mita kumi za kwanza unaona unakwenda. Mita ishirini meno ya tairi yameshajaa, tope limepanda kwenye breki na kwenye uma wa mbele, linaokota nyasi na majani makavu linajikanda humohumo kama udongo wa kukandikia nyumba. Mita thelathini gurudumu halizunguki kabisa, hata ukisukuma linaburuzika. Mtu mwenye hasira anakanyaga pedeli kwa nguvu hapo, na ndo hapo kile kichuma kinachoshika gia ya nyuma kinapopinda au kuvunjika, gia inaingia kwenye spoki, safari imeisha. Ukiona tope linaanza kupanda shuka mapema, toa tope kwa kijiti, beba baiskeli begani au geuza.

Kama huna uhakika na udongo chota kidogo kiganjani uufinyange. Ukisambaratika endesha. Ukitengeneza kijinyoka kama mtoto anayechezea udongo na hakikatiki, iache hiyo njia ipate siku mbili za jua.

Na kuiacha siyo kwa ajili ya baiskeli yako tu. Hizi njia hazikuchongwa kwa ajili yetu, ni za watu wanaokwenda shamba, kisimani, shule. Mstari wa tairi kwenye mfinyanzi laini unageuka mfereji, mvua inayofuata inapita humohumo inachimba, mwezi mmoja mbele pameshakuwa korongo na mama mwenye ndoo kichwani hana pa kukanyaga. Hilo linaniuma kwa kweli. Vilevile usipanue njia kwa kukwepa tope ukapita juu ya ufuta au mahindi ya mtu, shuka tembea, tope litaoshwa lakini ule mche ndo umeshakufa.

Sasa kuuliza. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu wengi tunauliza vibaya afu tunalaumu wenyeji.

Kuna Februari moja nilikuwa bondeni natafuta njia ya kutokea barabara kubwa, nikamkuta bibi anapalilia mbaazi pembeni ya njia. Nikasimamisha baiskeli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, hujambo?"

"Sijambo bibi, za shamba?"

"Nzuri, tunashukuru mvua ipo."

"Bibi, njia hii inapitika mpaka kule barabarani?"

"Inapitika, mbona sisi tunapita kila siku."

Nikashukuru nikaondoka. Kama kilomita moja mbele nikakuta kijito kimejaa, maji ya kahawia yanazungukazunguka, na kijana mmoja kavua suruali kaifunga kichwani anavuka maji yakiwa mapajani, anakwenda kwa ubavu hatua kwa hatua. Bibi hakunidanganya hata kidogo. Kwake kupitika ni hivyo, anavuka na mzigo kichwani tangu akiwa binti, anakijua kila kijiwe cha chini. Nikarudi nikamkuta palepale nikamuuliza upya, bibi, maji leo yanafika wapi? Akasimika jembe chini, akaweka kiganja juu kidogo ya goti lake. "Asubuhi yalikuwa hapa." Akakipandisha kiganja mpaka kiunoni. "Jioni yatakuwa hapa, huko juu kunanyesha." Akaonyesha kwa kidevu upande wa milimani, na kweli kulikuwa kumejaa wingu jeusi, wakati tulipokuwa sisi jua linawaka. Nikageuza baiskeli nikarudi nilikotoka.

Toka siku hiyo siulizi tena kama njia inapitika. Nauliza maji yanafika wapi, na namwacha mtu anionyeshe kwa mkono kwenye mwili wake. Nauliza jana au leo pikipiki imepita, kwa sababu bodaboda hawa wanapita pagumu kuliko mtu yeyote, ikiwa na wao wamezunguka mimi nina nini cha zaidi. Nauliza watoto wa shule leo wamepita hapa au wamepitia kwingine. Nauliza wapi panateleza mpaka mtu anashika mti. Maswali ya namna hiyo yanajibika, na mzee akishaona unauliza vitu vya maana anakuongezea mwenyewe yale ambayo usingewaza kuuliza, kwamba daraja la magogo limeondoka, kwamba kuna nyuki kwenye mbuyu fulani. Salamu zitangulie lakini, usimpigie mtu swali ukiwa juu ya siti. Shuka, vua kofia ngumu, msalimie, ndo uulize. Na kabla hujaondoka mwambie unatokea wapi na unatarajia kufika saa ngapi, hapo umeacha mtu anayejua kwamba upo porini.

Tuje kwenye baiskeli yenyewe. Wengi wetu tunatumia hizi mauntini za mtumba, hamna ubaya, mimi pia. Cha kwanza kabisa, jua breki ya mbele iko mkono gani. Baiskeli zilizotoka Japani na Uingereza kwa kawaida mkono wa kulia ndo breki ya mbele, zilizotoka nchi nyingi za Ulaya ni kinyume chake, na kama fundi alishabadilisha waya ndo kabisa. Kwenye lami hutaona tofauti. Kwenye mteremko wa utelezi ukibana ya mbele ukidhani ya nyuma unapita juu ya usukani. Minya kila mkono ukiwa umesimama, sukuma baiskeli mbele, uone gurudumu gani linagoma.

Breki za rimu zikilowa hazishiki mara moja, gurudumu linazunguka kwanza linafuta maji ndo linaanza kukamata, kwahiyo gusa breki mapema kabla hujazihitaji. Na mchanga wetu ukiingia kati ya raba na rimu unasaga kama msasa, ukisikia mkwaruzo simama umwagie maji, usiendelee, utakula rimu nzima. Breki za diski zinavumilia zaidi ila pedi zake zinakwisha haraka sana kwenye tope la mchanga, nimeshaona pedi mpya zikiisha ndani ya safari mbili, kwahiyo kagua kila unapotoka.

Upepo punguza. Mtu aliyezoea kujaza mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe msimu huu atateleza kila mahali. Kama una pampu yenye geji na una uzito wa kilo 70 hivi, tairi pana zenye tyubu, jaribu psi 28 mpaka 30, wenye uzito zaidi mpande kidogo. Huna geji? Bonyeza tairi kwa dole gumba, iingie kidogo kama embe linaloanza kuiva. Usishushe zaidi ya hapo ukiwa na tyubu, maana ukigonga mzizi rimu inabana tyubu chini na unapata matundu mawili yamekaa sambamba kama kaumwa na nyoka, na kubandika viraka viwili kwenye mvua siyo kitu cha kukitamani. Tairi yenyewe iwe na meno yaliyoachana, yale yaliyosongamana yanabeba tope hayaliachii.

Madigadi za kubana karibu na tairi toa, zinakusanya tope. Siti shusha kidogo kabla ya mteremko. Cheni paka oili kidogo afu futa ya nje kwa kitambaa, na usipake oili chafu ya pikipiki hata kama ni ya bure, inashika mchanga cheni inageuka msumeno.

Haya sasa uko njiani. Umepanda, umeona, unashuka. Breki zote zifanyike kabla ya kona, ndani ya kona yaachie magurudumu yazunguke, kwa sababu gurudumu lililofungwa kwenye udongo mwekundu uliolowa linaenda linakotaka lenyewe. Bana kidogo uachie, bana kidogo uachie, vidole viwili tu. Nyanyuka kwenye siti, magoti na viwiko vilegee, mwili urudi nyuma pale panapokuwa pakali, macho yaende mbali mita kumi mbele siyo kwenye tairi. Mizizi ya mikorosho na miembe inayokatiza njia ivuke moja kwa moja kama msalaba, usikate kona juu yake, usibane breki juu yake. Mzizi ukilala kimshazari na umelowa gurudumu la mbele litaufuata, na wewe utakuwa umeshalala. Upande wa Rondo kule Lindi ni mbaya zaidi kwa sababu msituni majani yaliyooza yanafunika mizizi, unaona zulia tu. Pale mimi natembea pasipo aibu yoyote.

Madimbwi nayo. Silika ya mtu akiona dimbwi katikati ya njia ni kulikwepa aingie kwenye nyasi, na hiyo silika iliniumiza. Ilikuwa Machi upande wa Lindi, nyasi zimefika kiunoni, njia nilikuwa siijui na siku hiyo nilishuka bila kupanda kwanza kwa kuwa tulichelewa. Mbele kukatokea dimbwi refu, nikalikwepa kushoto, gurudumu la mbele likazama ghafla mpaka kwenye habu, pale katikati spoki zinapokutana, nikaruka juu ya usukani. Lilikuwa shimo la ming'oko. Wenyeji wa Kusini mnajua, ming'oko inachimbwa porini, mzizi wenyewe unakwenda chini, mchimbaji akishatoa chakula chake anaondoka na shimo linabaki, mvua zikija nyasi zinaota pembeni zinalifunika huoni kitu. Rimu ikapinda kama nane, kiganja kikachanika, na tukatembea kilomita tisa kutoka pale. Katikati ya lile dimbwi maji yalikuwa hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu.

Kwahiyo ukikuta dimbwi angalia kama kuna alama mpya za tairi za pikipiki zimeingia na zimetoka upande wa pili. Zikiwepo pita palepale katikati kwa gia nyepesi bila kugeuza usukani. Zisipokuwepo shuka, kata fimbo, pima. Nyasi ndefu za msimu huu zichukulie kama maji ya tope, huoni chini yake kuna nini, na nyoka pia anapenda kukaa humo.

Maji yanayotembea ni habari nyingine kabisa na hapa sina mzaha. Sharti langu ni kwamba yakiwa yanakwenda kasi na yamefika nusu ya ugoko sivuki na baiskeli, hata kama kijito ni cha hatua tano. Gurudumu lina spoki lakini maji yanalisukuma kama ubao, na ukishayumba mara moja mikono imeshika kitu kisichokusaidia. Yakiwa chini ya hapo na unaona chini, vuka ukiwa na viatu miguuni, legeza mikanda ya begi ili uweze kulitupa, na baiskeli ikae upande maji yanakokwenda, siyo upande yanakotoka, maana ikikaa upande yanakotoka itasukumwa ikugonge miguu wewe ndo uanguke. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla, yanaleta vijiti na povu, toka hapohapo usimalizie kuvuka, mto unakuja. Hata kama ulipo hamna tone la mvua. Makorongo ya kushuka uwanda yanajaa kwa dakika, na kwenye mito mikubwa kama Ruvuma usiongelee kabisa kuvuka, kuna mamba na viboko.

Msimu mwingine maji yanazidi hata yale tuliyoyazoea. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua kaskazini ya Msumbiji, pua na mdomo na sisi, watu wa Mtwara walihamishwa kupelekwa sehemu za juu. Mei 2024 kikaja Hidaya, na barabara kuu ya Lindi kwenda Dar ikakatwa na maji maeneo ya Somanga, magari yakakwama. Ikiwa lami yenye madaraja ilikatika basi hiyo njia ya shamba usidhani iko vilevile ulivyoiacha mwaka jana. Baada ya mvua kubwa ya namna hiyo njia unayoijua ihesabu ni ngeni, anza upya, ipande kwanza. Na usiku kabla ya safari angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakishatoa angalizo la mvua kubwa kwa Lindi na Mtwara lala nyumbani.

Radi pia. Mvua zetu nyingi za ngurumo zinakuja mchana na jioni, kwahiyo mimi naanza saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana nataka niwe nimeshaanza kurudi popote nilipofika. Ukiona mwanga wa radi hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30 acha kuendesha, toka kwenye kilele na kwenye uwazi, tafuta nyumba, na usijikinge chini ya mwembe au mkorosho uliosimama peke yake hata kama mvua inakuchapa kiasi gani. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Watu hawakunyimi baraza huku kwetu, piga hodi tu.

Begi liwe jepesi: tyubu ya akiba, viraka na solusheni, pampu, spana za alen, kile kifaa cha kutoa pini ya cheni pamoja na kiungio kimoja cha akiba, kitambaa kikavu, tochi, filimbi, na hela taslimu za bodaboda. Gia ya nyuma ikivunjika ukiwa na kile kifaa unaikata cheni uifupishe, unaifunga kwenye gia moja ya katikati na unarudi nyumbani unapiga pedeli, badala ya kilomita tisa za miguu. Simu iweke kwenye kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, ramani uwe umeshaipakua kabla, bondeni mtandao unapotea. Na maji ya kunywa beba lita mbili hata kama kunanyesha. Mtu anaona mvua anasema maji yapo, anafika juu ya uwanda anakuta mchanga umeshakunywa yote, na yale ya madimbwi ya chini siyo ya kunywa, huku kichocho kipo pia, usikae unaoga humo.

Ukirudi nyumbani usiipeleke baiskeli kwenye mashine ya presha wanakooshea magari. Presha inaingiza maji na mchanga ndani ya habu na kwenye pedeli, nje inang'aa ndani inaliwa. Mwagia maji kwa kopo, piga brashi ya kufulia, anza juu malizia kwenye cheni, futa, anika kivulini, paka oili. Kesho yake asubuhi ikishakauka inyanyue gurudumu moja moja ulizungushe karibu na sikio. Likizunguka kimya iko sawa. Ukisikia linasaga mpelekee fundi afungue habu, aoshe gololi na abadilishe grisi kabla hujaipanda tena, kazi hiyo ni ndogo kuliko kununua habu mpya.